Povu Lililokatazwa, Nikaligeuza Sabuni

Jamani, mimi ndiye mkosaji, tena nimekosa kwa akili zangu timamu! Msinionee huruma.

Nilikuwa afisa usalama kwenye bohari ya mafuta Iyunga. Ndiyo, usalama! Siku moja bosi akatuita. "Hili povu la zamani la kuzimia moto sheria imelipiga marufuku. Lina kemikali ambazo zikiingia kwenye maji hazitoki. Madumu yakae stoo mpaka wahusika waje kuyachukua."

Mimi nikasikia "kuzimia moto" tu. Nikajiambia, kuzimia moto wamekataza, kuoshea magari nani kakataza? Mwanasheria mimi! Na sisi sabuni ikitoa povu ndiyo nzuri, maswali ya nini?

Nikayahamishia madumu kwangu Uyole, nikafungua sehemu ya kuoshea malori. Wee! Povu jeupe mpaka kwenye matairi. Madereva wa Tunduma wakawa wananiuliza, "Kaka, sabuni ya wapi hii?" Najibu ya Ulaya.

Maji machafu yakawa yanateremka bondeni, kwenye kisima cha mama mkwe wangu. Siku hiyo mke wangu ananiambia, "Mama anasema ndoo ya kisimani inatoka na povu. Anauliza kama ni muujiza."

Nikafunga biashara. Kibarua nacho kikaota nyasi, madumu yalipotafutwa stoo. Nikamvutia mama mkwe bomba la maji, ila sababu sikusema, hata kwa mke wangu. Sisi Wanyakyusa mkwe hatumsogelei ovyo, basi nikajificha kwenye mila. Nikimwona njiani nakata kona. Naye akawatangazia wenzake kanisani, "Mkwe wangu ana adabu za zamani, na bomba kanivutia!" Wakanipigia vigelegele. Aibu gani hii, Mungu wangu!

Jana mke wangu anamenya viazi, akasema huku anacheka, "Mama bomba limemshinda. Eti maji yananuka dawa. Amerudia kisima chake."

Asubuhi hii nimeteremka bondeni.

Wewe mwenye dumu la povu hilo, lirudishe leo! Ukiambiwa kitu kimekatazwa, usiulize kimekatazwa kwa kazi ipi.

Mimi mila nimeiweka pembeni, nimekuja kumwambia ukweli. Naandika haya kwenye simu, nimekaa kibarazani kwa mama mkwe. Nimebisha hodi, kashangaa, kafurahi, na sasa namsikia huko ndani ananichotea maji ya kunywa.