Mbwa wa Mama Syombua

Mwezi uliopita niliingia duka moja la dawa za kienyeji pale Kongowea kununua habasoda. Muuzaji alikuwa na mteja mbele yangu, akimchanganyia kiberiti upele na mafuta ya nazi ndani ya kikopo, akikoroga kwa kijiti. Harufu ikapanda, nzito, ya kitu kilichoungua na kitu kitamu kwa pamoja, ikanishika hata nikasahau nilichofuata. Wengi wa rika langu harufu hiyo huwakumbusha vipele vyao vya utotoni. Mimi hunikumbusha mbwa.

Nikwambieni kisa chake, maana hata wanangu nimewahadithia nusu nusu tu.

Tulikuwa tukikaa Mtongwe, nami nilikuwa na miaka tisa au kumi. Uhuru ulikuwa bado, lakini ulitajwa kila mahali, hata na watu waliokuwa wakipatana bei ya samaki. Baba yangu alisomesha chuo cha Kurani katika banda la makuti nyuma ya nyumba yetu, na watu wote walimwita Maalim. Mimi na mdogo wangu Saumu tulisoma humo pamoja na watoto wa mtaa. Ng'ambo ya ua wetu alikuwa amehamia Mama Syombua, Mkamba, mwanamke mrefu, mkimya, aliyefua nguo katika nyumba ya Wazungu kule karibu na kivuko. Alipanga chumba kimoja, na nyuma ya chumba hicho alilima mahindi na kunde. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, nasi watoto tulikiiga tukicheka, tukisahau kwamba yeye alijua lugha mbili na sisi moja.

Mbwa mwenyewe hakuwa wake. Hakuwa wa mtu. Alikuwa na rangi ya mchanga uliolowa, sikio moja limekatika, mbavu unazihesabu, akizunguka nyuma ya bucha kungoja kitakachoanguka. Sisi tulifundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na kwamba yakikugusa huoshi mara moja bali mara saba, moja yazo kwa udongo. Hayo ndiyo tuliyofundishwa. Hakuna aliyetufundisha kumpiga mawe. Hiyo tuliiongeza wenyewe. Wala sitajitoa: nilikuwa na shabaha kuliko wavulana wengi, na siku nilipompata ubavuni akalia kwa sauti kama ya mtoto, nilijisifu hadi magharibi.

Halafu mtu akammwagia maji ya moto. Ni nani, sikujua. Nadhani watu wazima walijua ila hawakumtaja. Ngozi ilimbabuka kutoka mabegani hadi kiunoni. Akatoweka siku mbili, tukasema amekufa. Siku ya tatu nilichungulia kwenye tundu la ua wetu, nikamwona amelala chini ya kichanja cha vyombo cha Mama Syombua, na Mama Syombua mwenyewe ameketi hatua tano kutoka kwake, amempa mgongo, anapukuchua mahindi.

Kule kumpa mgongo ndiko kulikonivutia. Ningemwona anamtazama, au anamfukuza, ningekwenda zangu. Lakini nilikaa pale kwenye tundu mpaka mama akaniita mara tatu. Kesho yake nikarudi, na kesho kutwa, na Mama Syombua akirudi kutoka kazini alikaa vile vile, mgongo kwa mbwa, kazi mkononi. Siku ya nne udadisi ulinishinda. Nikamwamkia kupitia tundu, nikamuuliza kwa nini hamtazami.

Aliitika marahaba, akapukuchua gunzi zima kabla ya kunijibu.

"Kila aliyemtazama alimpiga," akasema. "Wacha kwanza azoee kutotazamwa."

Tangu hapo nilikuwa sikai kwetu. Nilikuwa na maswali mengi kuliko mahindi yake, naye alinijibu moja kwa kila matatu. Jeraha alilipaka asali aliyotumiwa kutoka kwao, na kidonda kilipofunga akaanza kumtibu upele uliokuwa umemla miguu na tumbo, kwa kiberiti upele na mafuta ya nazi, akitumia unyoya wa kuku. Kila alipotaka kumpaka, kwanza aliweka kiganja chake wazi chini ardhini, akakiacha pale. Mbwa alikitazama, akakikaribia, akakinusa kidole kimoja kimoja kama mtu anayesoma jina geni, ndipo Mama Syombua akainua unyoya. Ikiwa mbwa amerudi nyuma, basi, siku hiyo hapakwi. Nilimuuliza mbona asimfunge kamba amalize upesi. Alisema dawa ya kamba huponya ngozi peke yake.

Jina hakumpa haraka. Alimwita Mgeni, akasema akitaka kukaa atapata jina la kukaa nalo. Jambo hilo halikumfurahisha Bi. Mgeni, jirani yetu wa upande wa pili, aliyekuwa akisikia jina lake likiitiwa makombo kila jioni.

Siku moja nilikuwa nimechutama nikipukuchua, nimeweka kiganja chini kama alivyofanya Mama Syombua, bila kutarajia kitu. Nikahisi pumzi ya moto, kisha ulimi. Sikuondoa mkono. Kwa muda nilisahau kila nilichofundishwa, nikawa nashangaa tu jinsi ulimi ule ulivyokuwa laini, mimi niliyedhani mbwa ni meno matupu. Kisha nikakumbuka. Nikakimbia nyumbani, nikachota kata ya kwanza, ya pili, nikachimba udongo, nikasugua mpaka mkono ukawa mwekundu. Na kwa kuwa sikuwa na hakika na hesabu yangu, nikaanza upya. Nilianza upya mara tatu.

Mama alipokuta mtungi mtupu na adhuhuri haijafika, alipeleka mashtaka kwa baba. Baba akaniita.

"Mwanaisha."

"Abee, baba."

Akautazama mkono wangu, nami nikangoja nilichokijua. Alikuwa mtu mpole barazani, lakini chuoni alikuwa na bakora yake ya mtobwe, na haikuwa ya kutembelea. Walimu wote wa siku zile walikuwa nazo, na wazazi walipoleta mtoto walisema wenyewe kwamba mifupa ni yao, nyama ni ya mwalimu. Lakini siku hiyo aliniuliza hivi:

"Ile ya udongo, ulianza nayo au ulimalizia nayo?"

Nikamwambia nilianza na maji, udongo nikautia wa tatu. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema imefaa. Halafu, kama mtu aliyeulizia hali ya hewa, akataka kujua kile kidonda cha mgongo kimefungaje. Nikamweleza yote, asali, unyoya, kiganja. Alisikiliza mpaka mwisho. Udadisi wangu, nilikuja kujua, sikuuokota njiani.

Matata yalianza mbwa alipopata nguvu ya kutembea. Alasiri moja walikuja wanaume watatu wa mtaa kwa baba. Walisema mbwa anapita njia ya msikitini, watu wanapoteza udhu kwa wasiwasi, na visima havina vifuniko. Kulikuwa na mtu wa bunduki aliyezunguka mitaani kupiga mbwa wasio na wenyewe, na siku ya Jumatatu angefika upande wetu. Walichotaka ni neno moja tu la Maalim, kwamba mbwa huyo hana mwenyewe. Niliyasikia nikiwa nyuma ya pazia.

Baba akawaambia hajamwona huyo mbwa. Akishamwona atasema.

Asubuhi yake alinichukua nimwongoze, kwa kuwa mbwa alinijua. Saumu akatufuata. Saumu alikuwa na miaka saba, na alikuwa na ajabu yake moja: jikoni, mbele ya mama, alikuwa akisoma sura zake moja baada ya nyingine bila kukwama, lakini akikaa mbele ya baba chuoni sauti ilimkatika, akatetemeka, akapigwa kwa kutojua alichokijua. Mimi niliona ni ukaidi.

Mama Syombua alitupokea, akamletea baba kigoda, lakini baba hakuketi. Mgeni alikuwa kwenye kivuli cha mahindi. Aliponiona alisimama, akatingisha mkia. Alikuwa amepona kiasi hicho. Baba akasogea. Alitaka kuonyesha kovu la mgongoni, aulize jambo, na kama ilivyokuwa desturi yake chuoni, akaonyesha kwa bakora, aliyokuja nayo mkononi.

Bakora ilipoinuka tu, mbwa aliporomoka. Sina neno jingine. Alilala chapa ardhini, akajikojolea, akafumba macho. Hakukimbia, hakubweka, hakuonyesha jino. Alingoja tu.

Ubavuni pangu nikahisi kitu kinatikisika. Nikageuka. Saumu alikuwa amejikunja, mkono juu ya kichwa, naye amefumba macho. Hakuna aliyekuwa akimtazama wala kumsemesha.

Niliona hayo, nikayapita. Nilikuwa na hofu juu ya mbwa.

Baba alibaki amesimama, bakora hewani. Mama Syombua, aliyekuwa akimwangalia mbwa, akasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Hakujui wewe, Maalim. Anaijua fimbo."

Baba aliishusha bakora polepole sana, akailaza chini kama mtu anayelaza kitu kitakachovunjika. Kisha akafanya jambo ambalo sikutegemea kuliona: akachutama, yeye na kanzu yake nyeupe, akaweka kiganja wazi juu ya mchanga. Tulikaa hapo muda mrefu. Mgeni alifungua jicho moja, halafu la pili. Hakuja. Baba hakumwita wala hakumlazimisha. Mwishowe aliinuka, akapangusa goti, akamshukuru Mama Syombua, akatutangulia nyumbani. Nilimkumbusha kwamba ameisahau bakora. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Kwa wale wanaume watatu alisema maneno machache. Mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa katika dini, na huyu ana mwenyewe. Tumbili walikuwa wakila mahindi ya mtaa mzima kila msimu, yao yakiwamo, basi wamjaribu. Visima vitafunikwa, jambo lililopasa kufanywa zamani, na mbwa atafungiwa mkanda shingoni ili mtu wa bunduki amjue. Mmoja alinung'unika, lakini hakuna aliyekuwa tayari kubishana na Maalim juu ya dini, na sote tulikuwa tumechoka na tumbili. Baba mwenyewe alikata mkanda kutoka kwa kiatu chake kikuukuu.

Jumatatu mtu wa bunduki alipita. Alimtazama Mgeni, akautazama mkanda, akamtazama Mama Syombua aliyekuwa amesimama mbele ya shamba lake mikono kiunoni, akaendelea na safari yake. Msimu ule tulivuna. Hata yule mnung'unikaji alionekana akitupa vichwa vya papa mahali fulani, akisema ameviangusha. Mgeni, jina lililobaki kuwa lake, aliishi mpaka bendera ikabadilishwa na zaidi. Siku ya ngoma za uhuru, watu wote wakiwa barabarani, yeye alikuwa chini ya kitanda cha Mama Syombua, na Mama Syombua alikosa sherehe kwa kukaa naye.

Lakini kuna jambo moja lililonisumbua siku zile. Bakora haikurudi chuoni. Nilidhani imeibwa. Baada ya wiki kadhaa nikaiona kwa Mama Syombua, imesimikwa kwenye tuta, kunde zimeipanda hadi juu. Nilikasirika kwa niaba ya baba. Niliing'oa, kunde na yote, nikampelekea mbio nikitarajia kusifiwa.

Baba aliipokea, akaigeuza mkononi, akatoa jani lililokuwa limejizungusha kwenye mpini. "Irudishe ulikoitoa," akaniambia. "Na umsaidie mama wa watu kupanda upya."

Sikuelewa. Nilipanda zile kunde nikiwa nimenuna. Nilikuwa mtoto mwenye maswali kwa kila kitu, na hilo, kubwa kuliko yote, sikuliuliza. Nilikuja kulielewa nikiwa na watoto wangu mwenyewe, siku nilipoinua mkono kurekebisha mtandio na mwanangu wa pili akarudisha kichwa nyuma. Hapo ndipo nilipouona tena ule uwanja wa Mama Syombua, na safari hii sikumtazama mbwa. Nilimtazama baba, nikaona macho yake yalikokuwa yameelekea wakati ule bakora ikiwa hewani. Hayakuwa kwa mbwa.

Hakutuomba radhi. Akina baba wa zama zile hawakuwa na maneno ya kazi hiyo, na sijui kama angeyapata. Ninachokumbuka ni asubuhi moja chuoni, mvua imetoka kunyesha, makuti yanadondoka. Baba ameketi mbele ya Saumu, mikono yake miwili imelala wazi juu ya magoti, na anatazama pembeni, nje, kwenye madimbwi, kana kwamba hana habari naye. Saumu aliitazama mikono ile kwanza. Kisha akaanza kusoma. Katikati akakosea. Akasimama, akamwangalia baba, ambaye bado alikuwa akitazama madimbwi. Akalirudia neno, akalipata, akaendelea.