Nimeandikwa mpaka wa watu watatu, lakini shamba langu halimo kwenye daftari la ardhi

Mwaka ule tulikula magimbi, wakuu. Asubuhi magimbi, mchana magimbi, jioni yale yaliyobaki mchana. Mvua ilizidi, mahindi yakaozea shambani, na mtu akikukaribisha kula ulijua kabisa unaenda kuwashwa mdomo.

Ndiyo mwaka waliokuja wapimaji wa ardhi.

Hamjambo humu ndani? Kwetu tunasema ugonile. Mimi ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja, jina langu Tusekile, niko upande wa Nkunga huku Rungwe. Shule niliishia darasa la tatu. Simu kaninunulia binti yangu Bupe, na huu uzi naandika kwa kidole kimoja tangu juzi. Nitakayosema yametokea. Waliokuwepo wako hai na bado wanakula ndizi zangu.

Nimechanganyikiwa, ndiyo maana nimekuja.

Siku ile mwenyekiti wa zamani alisema wapimaji wafikie kwangu, kwa sababu kwangu ni katikati na mimi najua kupika. Hilo silifichi. Kijiji kizima kinatafuna magimbi, mimi nilikuwa na jogoo mmoja na mkungu wa ndizi nilioufunika kwa majani watu wasiuone. Nikasema wageni wa serikali hawatawashwa midomo kwangu.

Mpimaji mkubwa akaniuliza, "Mama, tuanze na kwako?"

Nikamjibu, "Mwenye nyumba hajipakulii kwanza. Pimeni wengine, kwangu mtamalizia."

Wakuu, hilo jibu linanitesa mpaka leo. Lakini ndivyo tulivyolelewa. Mama yangu angefufuka anichape kama ningejitanguliza mbele ya wageni.

Wakapima kwa Asajile, jirani yangu wa juu. Wakaniita niweke dole gumba kwamba mpaka naujua. Nikaacha mwiko, nikaweka.

Wakapima kwa mama Tumpe, jirani wa chini. Nikaacha mwiko, nikaweka.

Wakapima kwa Ambakisye, upande wa kijito. Nikaweka. Upande wa nne ni barabara, na barabara haina dole.

Hapo mkono wote umekuwa wa zambarau. Hata jogoo nilimkatakata hivyohivyo na wino wangu.

Kisha mvua ikashuka. Mvua ya Rungwe haipigi hodi. Wapimaji wakala, wakalamba vidole, yule mkubwa akasema hajala kuku wa namna hiyo tangu aoe. Wakakata majani ya mgomba wakajifunika vichwa, wakaenda zao. Mezani wakaacha karatasi moja yenye dole langu.

Mimi nikajua yamekwisha. Umeweka dole mara tatu, karatasi unayo, unataka nini tena?

Karatasi nikaitia kwenye kopo, kopo likakaa uvunguni. Kila kiangazi naitoa naianika kama mbegu. Panya walikula kitenge changu cha harusi, karatasi hawakuigusa.

(Najua kuna atakayeuliza kwa nini sikuisoma. Mjukuu wangu, herufi za simu nazisoma moja moja. Yale maandishi ya wasomi yaliyoshikana mikono kama watoto wanaocheza, siyawezi.)

Sasa mwaka huu. Naingia migombani kukata mkungu, nakuta kigingi. Kimepakwa rangi nyekundu kichwani. Hatua tatu kutoka kaburi la mzee wangu!

Nikamfuata mwenyekiti wa sasa, Lusajo. Huyu nilimpokea kwa mikono yangu siku anazaliwa. Alitoka anapiga kelele na hajaacha.

"Lusajo, nani kanichomekea mti migombani?"

"Shikamoo bibi. Pale kijiji kinajenga ghala la kukusanyia maparachichi. Kwenye ramani pale ni peupe, na pasipo na mtu ni pa kijiji."

"Peupe? Na mimi nilivyo mweusi hivi hawakuniona?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia karatasi ninayo. Akasema, "Basi nenda mjini bibi, wakutafutie kwenye daftari."

Nikavaa vizuri, nikaenda Tukuyu ofisi ya ardhi, kopo kwapani.

Pale nilimkuta binti mmoja mpole, si wa huku, kapangiwa kazi tu. Akanipa kiti.

"Shikamoo bibi. Mlipimwa mwaka gani?"

"Mwaka wa magimbi."

Akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi. "Bibi, humu natafuta kwa mwaka au kwa namba."

"Namba sina. Mwaka nimeshakutajia."

Nyuma kwenye makabati mzee mmoja wa masijala, yule anayetunza mafaili, akaangua kicheko. Huyo ni mtu wa kwetu. "Mwaka huo naujua! Mke wangu alikuwa na mimba, akiona gimbi analia." Akahesabu umri wa yule mtoto kwa vidole, akaingia ndani, akatoka na daftari kubwa limejaa vumbi.

Binti akaanza kusoma. Shamba la Asajile, mpaka wa kusini: Tusekile. Nikasema, ndiye mimi. Shamba la mama Tumpe, mpaka wa kaskazini: Tusekile. Nikasema, ndiye mimi huyo huyo. Shamba la Ambakisye, mpaka wa magharibi: Tusekile.

Nilifurahi, wakuu. Serikali inanijua kila upande!

"Sasa nisomee pangu."

Akafunua mbele. Akafunua nyuma. Akarudi mbele.

"Bibi, wewe humu ni jirani tu."

"Jirani wa nani?"

"Wa wote hawa."

"Na wote hawa ni majirani wa nani?"

Binti akanifunulia ramani. Mashamba yamebanana kama meno, katikati pengo. Hilo pengo ndimo nilimozalia watoto saba na kumzika baba yao.

Nikasema ngoja, nikafungua kopo. Akaisoma ile karatasi, nikamwona anaziba mdomo kwa kiganja.

Ilikuwa nakala ya mama Tumpe.

Juu jina la mama Tumpe. Chini kabisa, penye majirani, dole langu. Miaka yote mama Tumpe analalamika kwamba karatasi yake ilipotea, na mimi nampa pole! Kumbe naianika mimi.

Machozi yalinitoka pale, siwafichi. Mzee wa masijala akavuta kiti karibu.

"Mama, usilie. Watu watatu walikutaja siku ambayo hakuna aliyekuwa akigombana na mtu. Wengine wanakuja hapa hawana hata mmoja."

Akanitolea fotokopi za zile kurasa tatu. Akanieleza ya kufanya: kijiji kikae kikao, majirani waje waweke madole, nipimwe upya.

"Na ombi linaanzia kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa mwenyekiti. Yeye ndiye anasaini kwanza."

Hapo ndipo kichwa kilipogoma. Mwenye kigingi ndiye wa kuniruhusu nikipinge kigingi? Binti akanieleza mara mbili, mzee akanieleza kwa Kinyakyusa, nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilikuwa sijaelewa lugha zote mbili.

Nikarudi. Nikampelekea mama Tumpe karatasi yake.

"Mwe bandu, jamani!" akapiga kofi. "Ilikuwa inalala kwako?"

"Kwangu uvunguni, imekula jua kuliko wewe."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nilipomweleza habari ya pengo akaacha kucheka. "Tusekile, yule kuku nilikula na mimi. Dole langu liko tayari hata leo." Asajile naye akasema hivyo, Ambakisye naye. Ombi nimeshampa Lusajo mkononi, na zile fotokopi. Akasema ataangalia.

Siku nne baadaye akaja, lakini na karatasi yake mwenyewe. Nikamwambia isome kutoka juu. Juu: mwenye eneo, Kijiji. Chini: jirani, Tusekile. Jina langu walishalijaza, kinachongojewa ni dole.

"Weka tu hapa bibi, ni ya ujirani. Nyumba na kaburi vinabaki, sisi tunachukua migomba tu. Ya kwako tutashughulikia baadaye."

Migomba tu! Mimi nakula nini, kigingi?

Nikamwambia, "Dole langu halishuki chini mpaka jina langu likae juu."

"Bibi, huu ni utaratibu."

"Utaratibu niliufuata mara tatu siku moja, nikabaki pengo."

Akaondoka amenuna. Kigingi bado kipo. Kwa kuwa wamekichomeka imara, nimefungia mbuzi.

Nilichojifunza, wakuu. Mgeni mpe chakula, lakini siku ya kupimiwa ardhi jipakulie kwanza, mama zetu watatusamehe. Na karatasi uliyoificha kwenye kopo itoe leo, mpe mtu akusomee jina la juu. Dole la chini kila mtu analo.

Sasa wanasheria mliomo humu, nijibuni kwa Kiswahili cha jikoni. Mtu anawezaje kuwa mpaka wa watu watatu na yeye mwenyewe asiwe na shamba? Mwenyekiti akikaa na ombi langu bila kusaini, napita mlango gani? Zile kurasa tatu zinatosha? Andikeni kwa herufi kubwa, nasoma polepole lakini nasoma zote. Wa kunitukana naye aje, mradi ajibu.

Nilikuwa nafunga uzi hapa, lakini leo asubuhi Lusajo kapita tena na ile karatasi na kidau kipya cha wino. Nikamkaribisha chai na ndizi za hiyohiyo migomba, maana mgeni ni mgeni. Akala zote. Akajifuta mdomo, akaninyooshea wino.

"Bibi, nakuomba kwa mara ya mwisho."

"Dole langu halishuki chini mpaka jina langu likae juu."