Kamanda na Maji ya Mama Nickson

Hapa Kitangari jirani unaweza kumwomba chumvi, hata shamba la kulima msimu mmoja. Maji usimwombe, ni adimu. Kwa hiyo Kamanda, mbwa wa jirani yangu Mama Nickson, alipoanza kunywa ndoo nzima kwa siku, mtaa mzima ulichukia.

Kamanda alikunywa, akakojoa, akarudi kunywa. Alikojolea mlango, magunia ya korosho na kiatu cha katekista Alfredi aliyekuja kusalisha. Watu wakasema amelogwa, auawe. Mama Nickson ni mjane na ulinzi wake wote ni huyo mbwa. Akaamua kumfunza adabu: akalitia tangi lake la maji kufuli, akawa anampimia kikombe asubuhi na kikombe jioni, kama tunavyopimiana wenyewe kiangazi.

Kesho yake Kamanda hakuweza kusimama. Mama Nickson akambeba mgongoni kwa kitenge, akapanda bodaboda hadi Masasi. Stendi akapewa hongera ya mtoto.

"Shikamoo, mama," alisema Theodora, daktari wa mifugo, akipapasa ufizi mkavu wa Kamanda. "Umemnyima maji?"

"Marahaba. Nilikuwa namkomesha ulafi."

"Ungemuua! Huyu anaumwa."

Akamnywesha kidogo kidogo, akapima damu na mkojo. Sukari hamna, figo nzima, mkojo mwepesi mno. Akaeleza kwamba huenda ubongo wa Kamanda hautoi homoni inayoziamuru figo zizuie maji, ndiyo maana yanapita tu. Akatoa dawa ya matone ya kutia machoni, waone kama itamsaidia, na akaonya mbwa asinyimwe maji kamwe.

"Anakojoa huku chini, dawa nitie machoni?"

"Itaingia kwenye damu, mama."

Huku kwetu tulicheka hadi mbavu zikauma. Kila asubuhi na jioni mama wa watu alimbana Kamanda kwa magoti na kumdondoshea dawa. Alfredi akasema sasa mjane anataka mbwa atoe machozi badala ya mkojo. Mama Nickson alijitwika ndoo kutoka bombani, akajaza beseni la mbwa, na sisi tukasonya.

Asubuhi moja tukasikia ukelele. Tukakimbia, tukijua Kamanda amekufa.

"Amebakiza!" alipiga kelele Mama Nickson. "Njooni muone, amebakiza!"

Kamanda alikuwa amelala kivulini, beseni lina maji nusu. Mama Nickson akaketi vumbini akalia kwa furaha, na hakuruhusu mtu ayaguse yale maji, hata mimi niliyekuwa na kiu.