Ungo Uliofichwa Mvunguni

Mwanamke akiolewa kwa akina Opicho, hahesabiwi kuwa ameingia nyumbani mpaka mama mkwe wake amsukie ungo. Ungo wa kupepetea mtama na wimbi, si pambo la ukutani. Na bibi harusi haruhusiwi kuutia mkono unaposukwa, hata kushika tete moja, kwani anayejisukia ungo wake, wanasema, amejioa mwenyewe. Cheka ukitaka. Nakhumicha, mjane wa Opicho aliyefanya kazi reli, hacheki, na jambo hili ndilo lililomkosesha usingizi kule kwake mtaa wa Umoja, Nairobi.

Nakhumicha ni mtu wa maneno mengi na subira haba. Nyumba yake imeongezwa vyumba mbele na nyuma, vyote vina wapangaji, lakini baraza ni lake na beseni lake la matete. Matete hayo yanatoka kwao Bungoma, na huenda kuyapokea stendi ya Muthurwa mwenyewe, maana wapagazi wakiachiwa wanayakunja kama sukuma wiki. Matete ya mito ya Nairobi hataki hata kuyasikia. Maji yale, anasema, hata vyura wameyahama. Basi huyapasua kwa kisu, akayaloweka yalegee, kisha akasuka nyungo za kuuza huku akigombana na redio. Ungo ukiisha, huenda kwa jirani yake Munene, anayefuga ng'ombe nyuma ya nyumba, akaomba mavi mabichi, akausiriba nayo ili unga usipenye. Wapangaji huziba pua. Yeye huwajibu kwamba pua zao zimezaliwa juzi.

Ayuma, mke wa kifungua mimba, alipata ungo wake wiki ile ile ya harusi. Kisha Wamalwa, kitinda mimba, akamleta Wanza, Mkamba wa Mwala. Nakhumicha alimpenda Wanza, tena sana. Alipenda anavyocheka mpaka ashike ukuta, alipenda anavyouliza "Mama, umekula?" hata kabla ya kusalimu. Akauanza ungo wake kwa furaha. Tumbo likasukwa, likakaa vizuri. Ilipofika kufunga ukingo, kazi ikamshinda.

Ukingo ndio roho ya ungo. Kamba ya gome huvutwa kwa kidole gumba mpaka ilie, na ukiilegeza kidogo tu, ungo wote unafumuka mikononi mwa mwenyewe. Vidole vya Nakhumicha vilikuwa vimevimba kwenye viungo, vikakataa kuvuta. Alijaribu, akafumua, akajaribu tena, akalia. Halafu akauviringisha ule ungo ndani ya leso, akausukuma mvunguni mwa kitanda. Hakumwambia mtu. Yeye, fundi wa Umoja nzima, aseme vidole vimemwasi? Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani angemwambia Nakhumicha?

Mvua za masika zikaja, zikapita, zikaja tena. Wanza alikuwa akichekecha unga wake kwa chujio la plastiki. Siku moja Ayuma akamtania mbele ya watu, akamuuliza kama ungo wake unasukwa mbinguni. Wanza alicheka pamoja na wengine, lakini chakula chake hakukimaliza. Wamalwa akaja kwa mama yake, akasimama mlangoni, funguo zikicheza mkononi.

"Mathe, Wanza anaona humtaki kwa sababu ni Mkamba."

Maneno hayo yalimkata maini. Nakhumicha alitaka kusema ukweli. Kilichomtoka kinywani ni kwamba kazi nzuri haitaki haraka, na kwamba wake za watu waache umbeya. Wamalwa akaenda zake. Mama akabaki akivitazama vidole vyake, akavitukana kimoja kimoja.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Wanza, kama kawaida yake, akaja kumpigia deki. Tambara likagonga kitu mvunguni. Akakivuta, akafungua leso, akakuta ungo usio na ukingo na kamba iliyoachwa njiani. Mwiko wa ungo hakuujua, maana wa kumwambia ndiye aliyekuwa anajificha. Aliwaza tu kwamba ni kazi ya mteja iliyomshinda Mama. Alikwisha kuona zamani jinsi Mama anavyoshika kikombe kwa viganja viwili, akanyamaza kwa heshima. Akatoa mkobani uzi wa mkonge, ule wa kusukia kikapu cha kiondo jinsi alivyofundishwa na bibi yake, akaketi barazani, akaufunga ukingo.

Nakhumicha aliporudi alimkuta anakata ncha ya mwisho kwa meno.

"Mama, niliona vidole vinakuuma," Wanza akasema. "Nimekumalizia kazi ya watu."

Kazi ya watu! Nakhumicha akakaa kizingitini. Akaupokea ungo, akaupapasa ukingo. Ulikuwa umekaza, mshono umelala upande, Kikamba kitupu, na haki ya Mungu ulikuwa mzuri kuliko wake. Ndipo akasema yote: ungo ulikuwa wa nani, vidole vilivyomwaibisha, na ule mwiko. Wanza aliiondoa mikono yake mapajani, akaificha nyuma ya mgongo.

"Basi nimeuharibu," akasema, machozi yakimtoka. "Nimejioa mwenyewe."

Nakhumicha aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na ungo wake mwenyewe, mweusi kwa moshi na siriba za miaka yote ya ndoa yake. Aliusuka mamake Opicho, ambaye sasa amelala kaburini Bungoma, na hata Ayuma hajawahi kuruhusiwa kuushika. Akauweka mapajani mwa Wanza.

"Huu nilisukiwa na mama mkwe wangu. Sasa ni wako, mwanangu. Nisamehe, nimekuchelewesha."

Wanza aliushika kwa ncha za vidole, asiamini. Kisha akamuuliza Mama, yeye sasa atapepetea nini.

"Si umenisukia huu?" Nakhumicha akaukumbatia ule mpya kifuani. "Aliyeolewa leo ni mimi. Haya, inuka unisindikize kwa Munene tukaombe mavi ya ng'ombe. Bibi harusi haendi peke yake."