Shehe, Mpangaji na Inshaallah ya Mama

Mama yangu hasemi hapana. Tangu nipate akili sijamsikia akimtamkia mtu neno hilo. Akialikwa harusi Kerege na hana nia ya kwenda, husema, "Inshaallah," kisha huulizia hali ya watoto, na aliyemwalika huondoka akijua kwamba sahani moja ya pilau imepungua. Mimi nimezaliwa humu humu Bagamoyo na nimelelewa kwa inshaallah hizo, lakini kazi imeniharibu. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini Dar es Salaam. Kule mtu akiniambia ndiyo nataka mhuri, na akiniambia hapana nataka sababu.

Basi kaka yangu alipiga simu kutoka Maskati. Kwa mama tuko wawili tu, yeye na mimi. Alisema mama sasa ni mtu mzima, nyumba yake yeye ni kubwa, hospitali iko ng'ambo ya barabara, kwa hiyo aje akae nao moja kwa moja. Mama alisikiliza yote, akamwombea dua yeye na wanawe, akasema, "Inshaallah, mwanangu. Ila hawa paka wangu nitamwachia nani?"

"Uje nao, mama," kaka akajibu.

Mama akanitazama. Mimi, badala ya kunyamaza, nikasema, "Niachieni mimi hilo."

Paka wenyewe ni wawili. Mmoja ana rangi ya manjano na sikio lililochanika, na tunamwita Shehe, kwa sababu kila ikiadhiniwa hutoka barazani akakaa wima na kufumba macho. Wa pili ni mweusi na anaitwa Mpangaji. Alikuja siku ya mvua, akahamia kabatini, na hajawahi kulipa kodi, hata ya panya mmoja. Nimeshatoa bandarini injini za matrekta na vioo vya ghorofa nzima. Paka wawili wangenishinda kwa lipi? Nikaomba kibali cha kuwaingiza Maskati wiki ile ile, nikajaza kila kitu kwa kichwa changu, kisha nikamwita daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mtu mpole aliyezoea ng'ombe wa wafugaji wa Vigwaza. Alikaa barazani, akafungua kisanduku chake cha dawa, akaeleza kwamba kwanza paka watachanjwa kichaa cha mbwa.

"Paka wangu?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kichaa cha mbwa?"

"Ndilo jina la ugonjwa, mama yangu."

"Paka huyu hajapata kuingia nyumba yenye mbwa. Msafi kuliko huyu binti yangu. Kama kipo kichaa cha paka, mchanje. Hicho cha mbwa sikitaki kwenye cheti chake."

Nilianza kueleza, na nikieleza huwa napandisha sauti. Daktari akaninyamazisha kwa mkono. Akafikiri kidogo, akamwambia mama kwamba chanjo hii humkinga paka na mambo ya mbwa yote kwa jumla. Hapo mama akaridhia, maana hakuna Mwislamu wa mtaa wetu anayeweza kulipinga jambo kama hilo. Paka wakachanjwa, wakatiwa na kile kidude cha utambulisho chini ya ngozi ya shingo. Shehe alivumilia. Mpangaji alimchana daktari mkono, akarudi kabatini.

Daktari akachukua kalamu. "Huyu wa manjano, dume au jike?"

"Dume," nikasema. "Si Shehe huyo."

Daktari akainua mkia, akachungulia, akaurudisha kwa heshima. "Shehe ni jike," akasema.

Mnisamehe, lakini kosa hili ni la Kiswahili. Miaka yote tumesema Shehe amekula, Shehe amelala, Shehe ametoka kwenda kusikiliza adhana, na lugha yetu haina tabia ya kuchungulia. Mama alijifunika mdomo kwa upindo wa kanga akacheka hadi machozi. Alipomaliza akauliza kama kibali nilichoomba kinasema dume. Nikamjibu kwamba ndiyo.

"Basi safari imekwama," akasema. Sauti yake ilichangamka mno, nami nikadhani bado ni kile kicheko.

Haikukwama. Niliandika Maskati, nikaeleza, nikaambatanisha cheti cha daktari, nikapiga simu hadi wakaizoea sauti yangu, na Shehe akabadilishwa kuwa jike rasmi.

Shirika la ndege nalo likataka kila paka awe na sanduku lake, la kumtosha kusimama na kugeuka. Mama akasema hilo atalishughulikia mwenyewe. Nilifurahi, nikaona sasa naye amepata hamu ya safari. Alikwenda kwa fundi wa milango ya nakshi. Baada ya muda mrefu likaletwa kwa mkokoteni kasha la mninga, maua pande zote, misumari ya shaba, na matundu ya hewa yasiyopitisha hata kidole. Nilipowapelekea picha watu wa ndege, waliuliza kwa upole kama ndani kuna marehemu.

"Basi tena," mama akasema. "Sanduku hatuna." Akaanza kupanga kanga zake ndani ya kasha.

Nikaenda Dar siku hiyo hiyo, nikarudi na masanduku mawili ya plastiki yenye milango ya waya. Mama aliyatazama, akayasifu, akasema Mungu anibariki. Hakuyagusa.

Siku niliyopata karatasi ya mwisho niliingia nyumbani nikijiona mtu. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikazipanga karatasi mezani mbele yake: chanjo, vyeti vya afya, vibali vya kutoka, vibali vya kuingia, tiketi yake na nafasi za paka. Alizitazama bila kuacha kuchambua.

"Vyote vimetimia?"

"Vyote."

"Hata vya Shehe?"

"Hata vya Shehe, mama."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka pembeni. "Wewe hodari sana," akasema. "Mimi nilidhani serikali itanisaidia."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nikavuta kibao cha mbuzi nikakaa. Mwanamke mzima nimelelewa na mama huyu, na sikuijua inshaallah yake.

"Si ungesema tu kwamba hutaki kwenda?"

"Mtoto anakuita kwake kwa mapenzi, umwambie hapana? Kwa mdomo gani?"

Nikataka kumgombeza, nikashindwa. Kusema kweli nilifurahi, furaha ya kitoto kabisa. Katika kuhangaikia mihuri sikuwa nimejiuliza hata mara moja nani atanijibu marahaba akishaondoka.

Simu ikalia, na mama akanisogezea. Kaka alitaka kujua kama karatasi zimetoka na mama anakuja lini. Nikamtazama mama. Ameinamia ungo, lakini mikono imesimama.

"Inshaallah," nikasema.

Kaka amekaa Maskati miaka mingi, lakini kazaliwa nyumba hii hii.

"Inshaallah ya nyumbani?" akauliza.

"Ya nyumbani."

Nilimsikia akivuta pumzi. Akauliza leo tunapika nini, nikamwambia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mwisho akasema, "Basi mwambie nitakuja mimi kumwona. Inshaallah."

Nikakata simu.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Amesema atakuja yeye, inshaallah."

Mama akaweka ungo chini, akanitazama usoni.

"Inshaallah ipi?" akauliza.