Siku Niliyomwaga Maji Mbele ya Wenye Kiu

Walisema sitaweza. Nianzie hapo, mwanangu, kwa sababu wawili watatu kati yao bado wako hai na wangependa nisahau. Kule kwetu Ndithini walisema mtoto wa muuza makaa hawezi kufika India. Nilipofika, wakasema nitarudi na sanduku la nguo kuukuu na kikohozi. Nikarudi na diploma ya uhandisi wa maji, ina muhuri mwekundu, na nauli ya kwenda nilikuwa nimeilipa mwenyewe kwa kufyatua matofali. Nilipoajiriwa kugawa maji mjini Machakos, wakatafuta neno jipya: huyo hatamaliza kiangazi kimoja, watu watampiga mawe.

Hilo la mwisho lilikaribia kuwa kweli. Ninakusimulia sasa kwa sababu juzi asubuhi nilifungua mfereji wa jikoni, nao ukavuta hewa kama mtu mwenye pumu, kisha ukanyamaza. Mimi ni mzee, nimeona mengi, lakini sauti ile bado hunisimamisha nywele za mikono. Najua kinachokuja nyuma yake.

Kiangazi cha ujana wangu kilianza polepole. Mvua za mwisho wa mwaka zilipita bila kunyesha. Tukangojea zile za Machi, nazo zikatupa manyunyu ya kulowesha vumbi tu. Bwawa lililokuwa likiulisha mji lilirudi nyuma mpaka tukaona vitu tulivyokuwa tumevisahau: visiki, gurudumu la trekta, msingi wa nyumba ya zamani. Tope lake lilipasuka vipande vipande, na kunguru wakawa wanatembea pale ambapo watoto waliogelea.

Basi tukaugawa mji. Kuosha magari kwa mpira kulipigwa marufuku, na kumwagilia maua, na kujenga kwa maji ya bomba. Hospitali ilikuwa na haki ya kwanza: kila siku saa sita mchana maji yote yaelekezwe huko, isikose. Mitaa nayo kila mmoja ulipewa asubuhi yake moja kwa juma. Ratiba hiyo niliichora mimi, na ilikuwa ratiba nzuri. Nasikia mpaka leo pale ofisini wanaifuata, ingawa hakuna anayesema ni yangu.

Lakini ratiba haikuondoa hofu, mwanangu. Watu walianza kuiogopa hata siku yao wenyewe: je, ikipita bila maji? Walifunga mapipa kwa kufuli. Majirani walisalimiana wakiwa wamesimama mlangoni, ili mgeni asije akaingia na kuomba ya kunywa. Katika mtaa mmoja wa juu watoto walianza kuendesha, yaani kuhara, na nilikutana barabarani na jeneza dogo limebebwa na mtu mmoja, chini ya kwapa, kama mtu abebavyo sanduku la viatu. Sikulala vizuri tena baada ya hapo. Mke wangu akiniuliza kuna nini, nilimwambia ni joto.

Mtaa ninaotaka kukueleza uko bondeni. Juma lililotangulia zamu yao ilipita bure, kwa sababu mota ya pampu iliungua. Nilipoteremka kule asubuhi ya zamu yao, begani ufunguo mrefu wa vali, ule wa kufungulia bomba, nilikuta mitungi imepangwa foleni tangu jana yake, kila mmoja umewekewa jiwe juu na kitambaa cha rangi ili mwenyewe autambue. Foleni ilipita kona, sikuuona mwisho wake.

"Injinia wa India!" aliniita Kioko, kijana wa mkokoteni aliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko wote pale mtaani. "Leo umetuletea maji ama umetuletea Kizungu?"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja hakucheka. Aliitwa Kanini, na mgongoni alikuwa na mtoto ambaye kichwa chake kilikuwa kimelala upande, hakisimami.

"Huyu ameendesha tangu jana," akaniambia. "Zahanati wamesema nimpe maji ya kuchemsha, nitie chumvi na sukari. Chumvi niko nayo. Sukari niko nayo. Maji ndiyo sina." Mtungi wake ulikuwa kule mwisho, nyuma ya kona, kwa sababu wenzake walipokuwa wakipanga foleni yeye alikuwa zahanati.

Nikamwambia angoje kidogo. Ndivyo tunavyosema sisi tuliosoma.

Sasa uelewe jambo hili. Bomba likikaa kavu siku nyingi, halikai tupu. Linavuta kutoka nje, kupitia kila ufa. Linavuta tope, linavuta maji ya mitaro, na mahali ambapo limepita karibu na choo cha shimo, linavuta uchafu wake pia. Maji yanaporudi, husukuma uchafu wote huo mbele yao mpaka kwenye mtungi wa mtu wa kwanza. Ndiyo maana kabla ya kuwafungulia watu, ni lazima uyamwage yale ya mwanzo kule mwisho wa laini ya bomba, mpaka yang'ae. Ule mtaa wa juu hawakumwaga. Mwenzangu wa kazi aliwaonea watu huruma akafungulia moja kwa moja. Jeneza nililokutana nalo lilitoka huko.

Mwisho wa laini ulikuwa nyuma ya boma la Mzee Ramadhani, mfanyabiashara wa mbuzi. Nilienda pale bila kumwambia mtu neno. Kwa nini niseme? Mimi ndiye niliyekuwa na diploma. Nikafungua.

Yalitoka meusi kwanza, kwa kishindo, na harufu yake ikanifanya nikohoe. Halafu yakawa ya rangi ya chai. Yakashuka mtaroni yakikimbia, na mtu mmoja akapiga kelele, "Aiya! Anamwaga! Anamwaga maji!"

Walikuja mbio na sufuria, na karai, na vikombe. Kanini ndiye aliyefika wa kwanza. Alipiga magoti akakinga kikombe kwenye yale ya rangi ya chai, na kabla sijafikiri nikakipiga kikombe kikaruka mkononi mwake.

Mtoto hakulia hata kidogo. Nilitamani alie.

"Umempiga mama na mtoto mgonjwa," alisema Kioko. Hakuwa akicheka tena. Alikuwa ameokota jiwe, na nyuma yake wengine walikuwa wanainama. Mtu fulani alinipokonya ufunguo. Nilijaribu kueleza, na najua kilichonitoka kinywani ni maneno ya kitabuni ambayo hata mimi siku ile sikuyaelewa. Niliogopa wataniua, na niliogopa zaidi kwamba wakiniua watayanywa.

Mzee Ramadhani alitoka bomani kwake akiwa na fimbo ya kuswagia mbuzi. Alikuwa Mkamba wa Kivaa, wa ukoo uliosilimu zamani, mrefu, mwenye sauti ya chini.

"Nyinyi wote ni watu wa mtoni," akasema. "Ukienda asubuhi kwa kile kisima tunachimba kwa mchanga, yale maji yamelala humo ndani usiku unapeleka wapi?"

Akamgeukia mama mmoja aliyeshika karai. "Nimekuuliza, mwaitu, mama yangu."

"Tunateka tunapea ng'ombe," akasema yule mama.

"Halafu?"

"Halafu tunangoja yajae mengine."

"Basi hata hili bomba limelala. Haya ni ya mbuzi wangu, na mbuzi wangu hawaulizi mtu diploma." Wawili watatu wakacheka, kicheko cha kushusha pumzi. Akanigeukia mimi. "Na wewe kijana, mdomo uliuacha India?"

Mawe yakaanguka moja moja. Ufunguo ulinirudia. Mbuzi waliletwa, wakanywa, na tuliobaki tukasimama tukiyatazama maji yakibadilika mpaka ukaweza kuona changarawe chini yake. Ndipo nikafungua mifereji ya mtaa.

Lakini saa nayo ilikuwa inatembea. Kumwaga kulikuwa kumekula sehemu kubwa ya asubuhi yao. Nilitembea kando ya foleni nikiitazama mitungi ikijazwa na vitambaa vikiondoka. Ilipofika saa sita, mitungi iliyobaki ilikuwa michache, na mmojawapo ulikuwa wa Kanini. Niliwaza kuacha vali wazi kidogo tu. Kule hospitali, wodi ya watoto ilikuwa na vitanda vinavyolaliwa na wawili wawili, wote wa tatizo lile lile, wakingoja saa sita yao. Nikafunga. Niligeuza ufunguo huku Kanini ananitazama. Aliuchukua mtungi wake mtupu, ambao ulikuwa mwepesi mno, akaondoka nao.

"Nimefanya kila kitu sawasawa," nilimwambia Mzee Ramadhani. Nilihitaji mtu anikubalie.

"Sawa kabisa," alisema. "Umemwaga sawa, umefunga sawa. Sasa yule mtoto akanywe hiyo sawa yako?"

Niliupangusa ufunguo kwa kiganja.

"Maji yake yako kwa tumbo la mbuzi wangu. Uliyemwaga ni wewe. Enda utafute."

Aliingia ndani akatoka na birika. "Hii nilikuwa nimeweka ya udhu. Nitatumia mchanga, ndio umejaa kila mahali." Akanimiminia yote katika mtungi safi aliotoa mkewe, kisha akanionyesha milango ya mtaa kwa fimbo yake. "Omba kwa mdomo wako."

Mwanangu, nimefanya mitihani mbele ya maprofesa wenye ndevu, na sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa kugonga milango ile. Watu walewale walionishikia mawe! Mlango wa kwanza, mama mmoja aliniambia hana hata tone, na huku anasema nikasikia mtu ndani akifunika pipa. Wa pili nilipewa kikombe kimoja. Wa tatu nusu kikombe, na mzee wa pale akanishikilia mkono: "Nimekopesha, sijapeana. Umesikia?" Hata kuomba nilijifunza haraka kuliko wengi. Niliacha kusema mimi ni nani, nikawa nasema mtoto ni wa nani.

Kioko alikuwa ameketi juu ya mkokoteni wake.

"Si ulisema ni sumu?" akaniuliza.

"Yale ya kwanza. Haya ni mazuri."

"Na utanirudishia lini, bosi?"

"Mvua ikinyesha."

"Mvua ya nani? Ama utaiagiza India?" Lakini alikuwa tayari anafungua kifuniko, na alinimiminia mengi kuliko wote, akitazama kando kana kwamba mkono haukuwa wake.

Tulichemsha maji nyumbani kwa Kanini, tukayapoza kwa kuyamimina sufuria hadi sufuria. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Nilimfinya ngozi ya tumbo kama muuguzi alivyokuwa amemwonyesha mama yake, na ngozi ilibaki imesimama, haikurudi. Kanini alimpa kijiko. Akakitapika. Akampa kingine. Alasiri yote ile ilikuwa kijiko, kungoja, kijiko, na mimi nimeketi juu ya kigoda nikisikiliza kama bado anapumua, nikihesabu moyoni mambo yote niliyokuwa nimeyafanya sawasawa. Jua lilipokuwa linashuka Kanini alishika nepi, akaishika tena, akapiga ukelele uliowaleta majirani mbio wakidhani ni msiba.

"Amekojoa!" alikuwa anasema. "Ngai, Mungu wangu, amekojoa!"

Maji yalikuwa yamebaki mwilini mwake. Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Sikutaka wanione.

Haya ndiyo nataka uyashike, mwanangu, kwa kuwa mfereji wangu umeanza tena kuvuta hewa na huenda wa kwenu pia. Maji ya kwanza baada ya ukavu usiyanywe, hata kiu ikikutesa vipi. Yapeleke chooni, yapeleke kwa mifugo, na hata yale yanayong'aa uyachemshe. Na ukija kupewa ufunguo wa kitu ambacho watu wanakihitaji ili waishi, waambie unachofanya kabla hujakifanya, kwa maneno wanayoyatumia nyumbani kwao. Halafu, ukishafanya lililo sahihi, usiende kula chakula cha mchana. Zunguka uone ni nani aliyekosa kwa sababu ya hilo lililo sahihi, na ukimpata, huyo ni wako. Tembea kwa ajili yake.

Mvua ilinyesha baadaye sana, wakati tulipokuwa tumeacha kuitazamia. Bwawa lilipopata maji ya kutosha na vikwazo vikaondolewa, nilikodi mkokoteni wa Kioko, naye hakunipunguzia bei, tukapita mlango kwa mlango. Aliyenikopesha kikombe alipata mtungi mzima. Aliyenipa nusu kikombe alipata mtungi mzima. Yule mama wa pipa lililofunikwa hakuwa ananidai, lakini nakiri nilipita mbele ya nyumba yake polepole ili aone vizuri. Kila nilipotua mtungi, mwenye nyumba alicheka akasema alikuwa amesahau, na kila mmoja aliupokea upesi kabla sijabadili nia. Jioni nilikuwa sina deni la mtu pale bondeni, mabega yananiuma, na viatu vyangu vya ofisini vimejaa matope mpaka kwenye soksi.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, mwanangu. Na ikichelewa, akupe majirani ambao ukigonga mlango watatoka, na akupe uhai wa kuwarudishia.