Kijiko cha uji kimeleta mboga

Leo kijiko cha uji cha mwanangu Neema kimevua samaki.

Baba yake alikitoboa bila kuniuliza, akakifungia ndoano, tukawa tunakiburuta nyuma ya mtumbwi. Alipiga kasia mbio, kijiko kikawa kinarukaruka tu juu ya maji. Hatukupata kitu, na nyumbani hakuna mboga.

Neema akasinzia mgongoni kwangu.

"Punguza mwendo, utamwamsha."

"Mama Neema, tunavua au tunabembeleza?"

"Vyote."

Akapunguza, huku ananung'unika. Kijiko kikazama, kikayumba kama kisamaki kilichoumia. Mara mshipi ukavutwa!

Samaki yuko jikoni. Sasa baba mtu anakitaka na kijiko cha pili.

Nimekificha. Jamani, Neema anyweshwe uji kwa kasia?